Injini Isiyopata Joto

Nyinyi vijana siku hizi mkifungua boneti, kitu cha kwanza kutoka mfukoni ni simu. Mnaiuliza simu injini inaumwa wapi. Sisi tulikuwa tunachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma, mpini kwenye sikio, halafu tunanyamaza. Sisemi tulikuwa bora kuliko nyinyi. Nawaandikia kwa sababu pale kanisani mmezoea kuniita fundi wa mafundi, na kila mkiniita hivyo naona haya. Hamjui nilichomfanyia shemeji yangu Elia mwaka wangu wa kwanza hapa Minnesota. Nilimtengenezea lori, nikaliacha na kosa langu ndani yake, nikampa ufunguo. Halafu dhoruba ya theluji ikaja.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilifika mwezi wa tano, miti imechipua, watu wanatembea na kaptura, nami nikajiambia, kumbe hii baridi wanayoisema ni uongo wa watu waliotangulia. Mke wangu, Mama Neema, alikuwa ametangulia, akifanya kazi ya kutunza wazee. Elia ni kaka yake, na yeye alitangulia zaidi. Tulikaa sote kwenye fleti moja Saint Louis Park, ghorofa ya pili, na mimi kwa kuwa sina kazi bado nilikuwa natengeneza magari ya Wakenya wenzetu pale chini kwenye maegesho. Mkono wangu ulikuwa na sifa. Kule Voi nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na saba kando ya barabara kuu ya Mombasa, na aliyenifunza ni Fundi Kitwana, mzee wa Mombasa mwenye mdomo mchafu na mikono safi.

Kitwana alikuwa na amri moja kwa kila lori lililopanda kutoka bandarini na kuchemsha. Fungua, toa thamostati, tupa. Kwa wale wasiojua, thamostati ni kidude cha shaba, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya maziwa, kinakaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, kinafunga njia, maji yanabaki ndani mpaka yapate moto. Yakishapata moto kinafungua, maji yanakwenda kwenye redieta kupoa. Kwenye joto la Voi kikikwama kimefunga, injini imekwisha. Kwa hivyo tulikuwa tunakitoa hata kabla hakijaharibika. "Hiki wazungu walikitengenezea kwao," Kitwana alikuwa akisema. "Hapa ni cha nini, kukuchemshia chai?"

Yaani mzee alinipa maneno yote mawili, hapa na kwao. Mimi nikashika moja.

Sasa Elia. Elia alikuwa amechoka kugeuza wazee vitandani usiku na mchana, akataka kazi ya kwake mwenyewe. Huku theluji ikianguka, kila duka na kila ofisi inahitaji mtu wa kusukuma theluji kwenye maegesho yake. Elia akaona lori la zamani la jeshi, lenye matairi kumi, likiuzwa Coon Rapids. Ukilifungia koleo kubwa la chuma mbele, hakuna theluji itakayolishinda. Shida ilikuwa moja tu: injini ilikuwa maiti.

"Shemeji," akaniambia, "wewe si ulisema Voi mlikuwa mnaweka injini ya basi kwenye trekta?"

"Tulikuwa tunaweka injini ya chochote kwenye chochote."

"Basi twende ukaone."

Yule aliyekuwa akiuza alikuwa mzee wa kizungu, Arvid, mrefu, mkimya, ana yadi nyuma ya nyumba yake. Nikisema yadi msidhani ni kama gereji zenu. Ilikuwa nyasi, na kwenye nyasi malori ya jeshi yamepangwa safu tatu, pua zote zikitazama barabarani, kana kwamba kuna mtu aliyesema "kaeni tayari" halafu akaenda zake. Mengine hayana vioo. Mengine nyasi zimeota ndani ya kibanda cha dereva mpaka kwenye usukani. Upepo ukipita unatoka humo na sauti ya watu wanaosafisha koo. Mimi si mwoga, lakini siku ile nilitembea katikati ya safu zile nikijihadhari nisiguse chochote.

Lori letu lilikuwa la mwisho kwenye safu ya nyuma. Nilipanda, nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikaangalia juu. Kwenye dari mtu alikuwa amekwaruza mistari kwa kitu chenye ncha. Minne imesimama, wa tano umelala juu yake, halafu minne tena, safu baada ya safu. Mtu alikuwa akihesabu siku. Mstari wa mwisho ulianza vizuri ukapinda ghafla, ukaishia pembeni.

Arvid aliniona nikitazama. "Nimepaka rangi hapo mara mbili," akasema. "Inabanduka hapo tu. Kwingine inashika."

Elia, mtu wa maombi, akaomba palepale, tena kwa sauti. Arvid akavua kofia akangoja amalize. Halafu akatuonyesha injini ya zamani, ina ufa ubavuni unaoingia kidole. Maji yalibaki ndani yake majira ya baridi, yakaganda, yakapasua chuma. Nikacheka. Nilimwambia Elia kwa Kiswahili, huyu mzee anatufanya watoto, maji yatapasuaje chuma? Elia hakucheka. "Shem, ngoja Januari," akasema.

Injini mpya tuliipata palepale kwa Arvid, kwenye basi la shule lililokufa giaboksi. Dizeli, silinda sita, pampu ya nozeli nzima. Basi lilikuwa limesimama nyuma ya banda miaka mingi, vumbi limejaa kwenye vioo. Nikaenda kufungua boneti, na kabla sijaifungua nikaona mikono. Vioo vya upande mzima vilikuwa na alama za viganja vya watoto, kwa ndani, chini, pale mtoto aliyekaa anapofika. Vumbi la miaka mingi, na alama zile safi, hazina vumbi hata chembe. Nikamwita Arvid nikamwuliza ni watoto gani wanaoingia humu. Akasema mlango wa basi lile umeshika kutu, hakuna anayeufungua. Nilijaribu mwenyewe. Haukufunguka.

Sasa mtaniuliza, mzee, mbona mliichukua injini? Tuliichukua kwa sababu ilikuwa injini nzuri. Ufundi ndivyo ulivyo.

Kazi ilichukua wiki tisa, jioni na Jumamosi, kwenye banda la Arvid. Wacha niwape faida kidogo, maana wapo kati yenu wanaodhani kubadilisha injini ni kuondoa moja na kuchomeka nyingine. Kwanza pima. Halafu pima tena, halafu mwite mtu mwingine apime bila kumwambia wewe ulipata ngapi. Sampu ya basi, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inagonga ekseli ya mbele ya lori, kwa hivyo niliikata nikaichomelea umbo jipya, nikaijaza maji usiku mzima kuona kama inavuja. Injini na giaboksi hazikuwa zinashikana, kwa hivyo nilichora bamba la chuma kwenye karatasi ya ukuta, nikalipeleka kwa mchonga vyuma mmoja Frogtown, mtu wa Laos aliyekuwa hasemi Kiingereza wala mimi lugha yake siijui. Tulielewana kwa vidole, na bamba lilikaa sawasawa, hata unywele haupiti. Lori la jeshi lina umeme mara mbili ya basi. Sikuuliza, nikaunga, starta ikaungua moshi mbele ya macho ya Elia. "Kuuliza si ujinga, shemeji," akaniambia, na mimi nikanuna siku mbili.

Kumbukeni pia hili. Dizeli za wakati ule hazizimwi na ufunguo. Ziko na kebo, unaivuta inakata mafuta kwenye pampu. Siku ya kwanza kuiwasha nilikuwa nimeifunga kebo vibaya. Injini ikawaka, ikanguruma vizuri, tukapiga makofi, halafu nikavuta kebo na hakuna kilichotokea. Nikatoa ufunguo. Ikaendelea. Nikatoa betri. Ikaendelea, na Elia akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikakumbuka Kitwana: dizeli haitaki umeme, inataka hewa, ukitaka kuiua izibe pua. Nikachukua kipande cha ubao nikakibana kwenye bomba la hewa lililosimama kando ya mlango. Ikatetemeka, ikakohoa, ikafa.

Na kwenye wiki ya mwisho, nikiunganisha mabomba ya maji, nikafika kwenye thamostati. Ilikuwa kama mpya, inang'aa. Mkono ulikwenda wenyewe, wala sikufikiri. Nikaitoa, nikaitupa kwenye pipa la vyuma.

Arvid alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. "Huihitaji?" akauliza.

"Mimi ni fundi wa nchi za joto," nikamjibu. "Injini yangu haichemki."

Akanywa kahawa. Akatazama nje. "Hiyo ni njia tofauti," akasema.

Nikafurahi! Nikaenda nyumbani nikamwambia Mama Neema hata mzee Arvid ameusifu ufundi wangu. Ilinichukua miaka kujifunza watu wa huku. Mtu wa Minnesota hakuambii umekosea, atakufa nalo moyoni. Atakwambia ni tofauti, au inapendeza, halafu ataongea habari za hali ya hewa. Kitwana angenirushia spana. Laiti Arvid angenirushia spana.

Theluji ikaanza, na Elia akaanza kazi. Lori lilikuwa linavuta kama ndovu. Lakini lilikuwa na tabia. Lilikuwa linatoa moshi mweupe usioisha, mzito, unaotambaa chini nyuma yake na kukaa barabarani baada ya lori kupita. Watu walikuwa wanasimama kuutazama. Na ndani hakukuwa na joto. Elia akaniambia mara ya kwanza, nikamwambia hilo ni lori la jeshi, ulitaka kochi? Akaniambia mara ya pili, nikamwambia vaa soksi mbili. Mara ya tatu akanipeleka mwenyewe, akafungulia hita, nikaweka mkono, hewa inatoka baridi. Nikamwonyesha geji ya joto la injini.

"Unaona mshale uko wapi? Chini kabisa. Haupandi hata ukipanda mlima. Injini baridi ni injini yenye afya."

"Sawa shemeji. Lakini mimi?"

"Wewe ongeza sweta."

Hayo ndiyo maneno yangu. Nayaandika kama nilivyoyasema.

Siku yenyewe ilikuwa Januari, asubuhi. Elia alitoka kabla ya mapambazuko kwenda kusafisha maegesho ya ofisi fulani, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kwetu. Kwenye redio walikuwa wametangaza ofisi zimefungwa, shule zimefungwa, watu wabaki majumbani, lakini Elia alishaahidi kazi na yeye ni mtu wa neno lake. Saa nne ikafika hajarudi. Saa tano. Mama Neema alikuwa ametoka zamu, amepika uji, anasimama dirishani. Nje hapakuwa na kitu cha kuona, kulikuwa kweupe tu juu mpaka chini.

"Baba Neema, Elia hajawahi kukaa hivi."

"Lori litakuwa limekwama."

"Basi nenda ukalikwamue."

Nikavaa kila nilichokuwa nacho. Sijui kama kuna kati yenu aliyewahi kutembea ndani ya dhoruba ile. Unanyoosha mkono huuoni. Hakuna juu wala chini. Nilikwenda nikishika ua, halafu nikishika magari yaliyofukiwa, halafu nikihesabu nguzo za taa. Machozi yaliganda yakafunga kope, nikawa nafungua jicho kwa kidole. Nilipofika pale nilipodhani ndipo, nikasimama, na nikaisikia injini. Niliijua. Ukishaijenga injini unaijua sauti yake popote. Nikashukuru Mungu, nikaita, "Elia! Shemeji!"

Injini ilikuwa inakuja upande wangu, polepole, kama mtu anayetembea. Nikaona moshi kwanza, mweupe ndani ya weupe, halafu pua ya lori, koleo limenyanyuliwa, taa zinawaka. Nikapunga mikono. Likapita kando yangu bila kupunguza mwendo. Mlango wa dereva ulikuwa wazi unapigapiga, na ndani hamkuwa na mtu.

Vijana, nimezika wazazi wangu, lakini sijawahi kuogopa kama dakika ile. Lori likapotea kwenye theluji. Nikabaki nimesimama nikilisikia likienda mbali, likigeuka, likirudi. Nikatazama chini. Alama za matairi zilikuwa duara moja, juu ya duara, juu ya duara, zimechimba mpaka kwenye lami. Lilikuwa linazunguka hivyo muda mrefu. Malori ya jeshi yana kishikio kwenye dashibodi, ukikivuta linakwenda lenyewe gia ya chini bila kukanyaga mafuta, na usukani wake mzito unabaki ulipouacha. Hayo niliyafikiri baadaye. Pale nilifikiri kuhusu mistari ya darini, na viganja vya wale watoto.

Lilipokuja tena nikakimbia nalo, nikashika nguzo ya kioo cha pembeni, nikajivuta ndani. Ndani kulikuwa na barafu. Pumzi ya Elia ilikuwa imeganda kwenye dari, kwenye dashibodi, kwenye kioo, imenenepa hata sikuweza kuona mbele. Nikakanyaga klachi, nikatoa gia. Lori likasimama, injini ikaendelea kuunguruma. Mshale wa geji ulikuwa chini kabisa, mahali pake, kwenye afya.

Koti la Elia lilikuwa limetundikwa kwenye nguzo ya kioo cha pembeni. Limetundikwa vizuri, kama mtu aliyefika nyumbani. Glavu zake zilikuwa juu ya ngazi, moja kando ya nyingine.

Nikaita, na sauti yangu ikamezwa na injini. Nikajua nikimtafuta kwa macho simpati, ila kwa sikio, na ili kusikia nilihitaji kimya. Nikavuta kebo ya kuzima. Imeganda. Nikaivuta kwa mikono miwili mpaka ikakatika. Injini inaunguruma tu. Basi nikachukua lile koti la shemeji yangu, nikalikunja, nikalisokomeza kwenye bomba la hewa kwa nguvu zangu zote. Likanyonywa ndani. Lori lote likatetemeka, likakohoa mara mbili, likafa.

Na kwenye kile kimya nikasikia mtu anacheka.

Hakuwa mbali, ni nyuma ya rundo la theluji alilolisukuma mwenyewe. Nikaenda kwa kutambaa. Elia alikuwa amekaa, ameegemea rundo kama mtu aliye barazani, amevaa shati tu, vifungo viko wazi. Nyusi nyeupe. Anaongea Kitaita, anacheka, anaelekeza uso upande wake wa kushoto ambako hakuna mtu. Nikamshika. Akanitazama, akatazama kule kushoto, akanitazama tena, amechanganyikiwa.

"Umefikaje huku," akaniuliza, "na wewe uko hapa?"

Nikavua koti langu nikamvika, nikamwinua mgongoni. Jinsi nilivyotoka pale sijui kuwaeleza. Nilimpiga makofi ya uso, nilimtukana, nilimwomba. Mtu mmoja mwenye nyumba ya karibu alisikia kelele zangu akafungua mlango, akapiga simu. Gari la wagonjwa lilichukua saa nzima kufika.

Alipona. Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto na nusu ya vidole vya mguu. Siku ya nne tukiwa hospitali, mimi na Mama Neema kila mmoja upande wake wa kitanda, ndipo akasimulia.

"Nilisikia baridi mpaka nikaacha kuisikia," akasema. "Halafu ukaingia, shemeji. Ukakaa pale kiti cha pili. Ukaniambia, shemeji, hapa joto limezidi, toa koti. Nikakwambia kweli, joto limezidi. Ukasema tutoke tupunge upepo. Ulikuwa na ile sauti yako ya gereji, ya mtu anayejua."

Mama Neema akasema ni baridi, wazee waliopotea nje huvua nguo vivyo hivyo, mwili unadanganyika. Nikatikisa kichwa, nikaaga, nikatoka. Nilikwenda kwa Arvid kutafuta ile thamostati niliyoitupa. Nikaenda moja kwa moja kwenye pipa la vyuma nikaanza kulimwaga. Arvid akaingia nyumbani, akatoka nayo mkononi. Alikuwa ameiokota siku ileile, ameipangusa, ameiweka kwenye rafu. Aliniona nikiitupa, akaiokota, akaniacha niende. Nilitaka kumpiga. Halafu nikaona hawezi kunitazama.

Niliiweka palepale kwenye maegesho ya ofisi, lori bado limefukiwa nusu, maji yake yamesalimika kwa dawa ya kuzuia kuganda. Nikalichomoa lile koti kwenye bomba la hewa, nikaliwasha lori. Nikakaa ndani na mlango umefungwa. Kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai mshale ukaanza kupanda, moshi mweupe ukakatika, na hita, inayopata joto lake kwenye maji ya injini, ikaanza kupuliza hewa ya moto. Barafu ya darini, pumzi ya Elia, ikaanza kuyeyuka, ikanidondokea kichwani na shingoni. Nikalia kama mtoto. Kidude cha shaba. Dakika kumi za kazi.

Nikarudi hospitali nikawaambia wote wawili. Sikuzungusha maneno. Elia aliutazama mkono wake uliofungwa bandeji.

"Kwa hivyo ilikuwa sauti yako kweli," akasema.

Nikamgeukia mke wangu, nikingoja anitukane, na ningeshukuru kama angenitukana. Mama Neema alikuwa amekunja mikono, ananitazama kama hanijui.

"Umetoa ngapi?" akauliza.

"Nini?"

"Hizo thamostati. Tangu mwezi wa tano unatengeneza magari ya watu. Umetoa kwenye magari mangapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole, na nilipofika kidole cha saba nikasimama kwa sababu sikuwa na uhakika. Nilitoka palepale, sikungoja lifti. Nilizunguka siku ile na siku iliyofuata na mfuko wa thamostati mpya nilizonunua, mlango kwa mlango, Saint Louis Park, Frogtown, mpaka kule Brooklyn Park, kwenye baridi inayochoma pua, na kila aliyefungua nilimwambia nimekosea, nipe ufunguo. Mmoja alinifukuza. Wawili walikuwa wameshapeleka kwa fundi mwingine, wakanicheka.

Wa mwisho alikuwa Coon Rapids, dada mmoja muuguzi, yuko peke yake na mtoto wa miezi minane. Nilimkuta anatoka, gari linanguruma mbele ya nyumba, linatoa moshi mweupe.

"Afadhali umekuja, fundi," akasema. "Tangu unitengenezee, hita inapuliza baridi tu. Nilidhani ndivyo magari ya huku yalivyo. Nilitaka kukupigia, nikaona aibu, nitakufunza kazi wewe?"

Nikafungua mlango wa nyuma wa gari. Mtoto alikuwa ameshafungwa kwenye kiti chake, blanketi tatu, uso tu ndio uko nje. Halii. Ananitazama. Kioo cha upande wake kilikuwa kimeganda kwa ndani, pale pumzi yake ilipofika.

Nikamwambia mama yake amrudishe ndani na asimtoe mpaka nimwite. Halafu nikavua glavu, maana bolti zile ni ndogo, nikafungua boneti.